Nimekunywa dawa miezi tisa, moyo bado mzito

SWALI

Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba, kwa wakwe zangu. Tangu nijifungue mtoto wa mwisho, ambaye sasa ana mwaka na miezi mitatu, sikuwa mtu tena. Mama yangu alifariki nikiwa na mimba yake ya miezi saba. Mume wangu yuko Maskati kikazi. Spitali waliniambia nina sonona, wakanipa amitriptilini kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, nikatumia miezi mitatu. Kisha wakanibadilishia fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi, na huu ni mwezi wa sita. Usiku nikikosa usingizi namezea kimoja au viwili vya zile za zamani zilizobaki. Mgongo ukiuma nanunua tramadoli dukani. Sijapona. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Wifi yangu anasema dawa za spitali haziwezi kitu, hili ni shetani. Je, yangu ni ile sonona isiyosikia dawa? Niache?

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako.

Nianze na lile uliloliweka katikati ya barua kama jambo dogo, kwamba kuna siku unatamani ulale usiamke. Kwangu hilo ndilo la kwanza, ya dawa yatafuata. Kutamani kutoamka hutokea sana katika ugonjwa huu, na mara nyingi ni roho iliyochoka inayosema. Lakini mtu huweza kutoka kwenye kutamani akaingia kwenye kupanga bila mwenyewe kutambua. Ikiwa umeanza kufikiria namna, au siku, au unajikuta unapiga hesabu watoto watalelewa na nani, usingoje tarehe yako ya kliniki. Nenda spitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, na usiende peke yako. Wengi wetu huku tunaliogopa neno hili kwa ajili ya dini, tunaona kulitaja ni kama kulitenda. Mimi nimewauliza wagonjwa wengi swali hilo ana kwa ana, wazee kwa vijana, na sikumbuki hata mmoja aliyeudhika. Wengi hushusha pumzi.

Kuanzia leo pia dawa zote zilizomo ndani, za sasa na za zamani, zishikwe na mtu mwengine akupe za siku tu. Amitriptilini ikizidi kipimo huharibu mapigo ya moyo, na ndiyo maana sisi wenyewe tukiona mgonjwa ana fikra kama zako hatumpi za zaidi ya wiki moja.

Jambo la pili nalo haliwezi kungoja. Zile za zamani unazomeza usiku, ziache. Fluoksetini hulipunguzia ini kasi ya kuivunja amitriptilini, kwa hiyo vidonge viwili unavyoviona vidogo hukaa mwilini muda mrefu kuliko unavyodhani, na usiku wa pili unaongeza vyengine juu yake. Tramadoli nayo usiiguse kabisa ukiwa kwenye fluoksetini. Zote mbili zinapandisha kemikali moja ya ubongo, serotonini, na zikikutana mtu huweza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi, kupata homa, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa. Wengine huanguka kifafa. Ukijiona na dalili hizo, nenda spitali na paketi zako mkononi. Kwa mgongo tumia parasetamoli, na huo mgongo wenyewe uutaje kwa daktari, maana sonona huuma mwilini pia, na ikitibiwa vizuri maumivu hupungua nayo.

Sasa swali lako. Jina hilo, sonona isiyosikia dawa, hatumpi mtu mpaka awe ametumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi iliyofika, kwa wiki sita hadi nane angalau, na awe amezimeza kweli. Tukikaa mimi na wewe tukahesabu, hujafika hapo. Huenda hata dawa moja hujaipa nafasi yake sawasawa.

Tazama ile ya kwanza. Amitriptilini ya 25 ni dozi ya kuanzia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na daktari bingwa wa akili unasema mgonjwa aanze na 25 usiku, kisha apandishwe kidogo kidogo kila wiki hadi 100 au 150. Ile 25 inayobaki 25 tunaitumia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kipandauso, na kumsaidia mtu alale. Wewe ulipimiwa nusu kibaba kwa miezi mitatu, kisha ikaonekana huna shibe.

Hili nimeliona Unguja na nimeliona Pemba, tena mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu halihitaji dawa ya gharama wala mashine. Mtoa huduma anaogopa kupandisha. Dawa hii hukausha mdomo, hufunga choo, humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka haraka, na kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo inataka hadhari kubwa. Mgonjwa akilalamika mdomo mkavu wiki ya kwanza, basi dozi imekwama hapo. Akirudi mwezi unaofuata foleni imefika nje mlangoni, kadi inafunguliwa, inaandikwa "aendelee na dawa", inafungwa. Miezi inapita kwa neno hilo moja.

Na kuna upande wenu wagonjwa. Aliwahi kuletwa kwangu mzee mmoja na binti yake, kliniki ya wilaya, wakisema dawa zimeshindwa. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa dukani. Nikamwomba aumwage mezani. Vikatoka vipaketi vitatu vya miezi mitatu, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu "1x1 usiku". Tukavihesabu vidonge kwa ncha ya kalamu, tano tano, kama mtu anayehesabu korosho. Katika 90, vilikuwa vimebaki 58. Mzee akaniangalia kwa upole kabisa, akasema: "Siku nikilala vizuri sinywi, nawekea siku mbaya." Alikuwa anaitumia kama panadoli ya kichwa. Hakuna aliyekaa naye akamwambia kwamba dawa hii hujijenga mwilini siku baada ya siku, na kwamba siku nzuri ndiyo ya kumeza pia. Nakuuliza na wewe bila kukulaumu: katika mwezi, unaruka siku ngapi? Siku za Ramadhani ulifanyaje? Wengi huacha mwezi mzima, na hakuna haja. Fluoksetini hunywewa mara moja kwa siku, unaweza kuimeza wakati wa daku; aliye kwenye amitriptilini huimeza usiku baada ya tarawehe. Funga yako haiguswi.

Sasa fluoksetini. Kidonge kimoja kwa kawaida ni miligramu 20, na hiyo kwa watu wengi ni dozi inayofanya kazi. Hapa nakubali dawa imepewa nafasi, ikiwa uliimeza kila siku. Lakini mtu akifika wiki ya nne bila hata dalili moja kulegea, hapo ndipo dozi inapotakiwa kupandishwa, na ikishindikana dawa kubadilishwa. Hatungoji mwezi wa sita. Kwa hilo wewe huna kosa hata chembe. Ni letu sisi watoa huduma, na nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yangu. Tena usiipandishe mwenyewe nyumbani kwa kusoma haya. Nitaeleza hapo mbele uende na maneno gani.

Hujasema kama bado unanyonyesha. Mwambie daktari, kwa sababu fluoksetini hupita kwenye maziwa zaidi kuliko setralini, na ikiwa dawa inabadilishwa, hilo ni la kuangaliwa. Usiache dawa wala usimwachishe mtoto ziwa kwa uamuzi wako.

Je, ni kweli hakuna hata kimoja kilichobadilika? Ugonjwa huu una tabia ya kuondoka kwa vipande. Mara nyingi usingizi hutangulia kurudi, hamu ya kula nayo, kisha nguvu za kufanya kazi. Furaha huja nyuma kabisa, na mgonjwa anaingojea hiyo tu. Ndiyo sababu tunapenda kupima kwa namba. Kuna dodoso la maswali tisa, PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili, linauliza kwa wiki mbili zilizopita ulikosa raha mara ngapi, ulilala vipi, ulijiona huna thamani mara ngapi. Alama zake ni 0 hadi 27. Chini ya 5 tunasema ugonjwa umeondoka. Aliyekuwa na 21 akafika 13 ameteremka sana, lakini ukimuuliza atakwambia sijapona, na atakuwa anasema kweli. Huyo hatumwambii dawa imeshindwa, tunatafuta namna ya kumalizia safari. Aliyekuwa na 21 akabaki na 20, mambo yake ni mengine kabisa. Bila namba, wote wawili huandikiwa "aendelee".

Nataka pia ujue kwamba dawa ya kwanza kutotosha si ajabu wala si alama kwamba wewe umelaaniwa. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uitwao STAR*D, watu wapatao 4,000, matokeo yake yakatolewa 2006. Wote walianza na dawa moja, sitalopramu, na aliyepona kabisa kwa hatua hiyo ni kiasi cha mtu mmoja kati ya watatu. Waliobaki walibadilishiwa au kuongezewa dawa, hatua kwa hatua, mpaka nne. Hatua ya pili iliwaponya wengine wengi. Ya tatu na ya nne wachache, kama 13 katika kila 100 waliozifikia. Watafiti wale walikadiria kwamba kwa hatua zote nne wangepona watu wapatao thuluthi mbili. Wataalamu waliozirudia takwimu zile, wakachapisha 2023, wakasema makadirio hayo yalikuwa makubwa mno, na kwamba waliopona ndani ya utafiti ni karibu na thuluthi moja. Nakupa namba zote mbili kwa sababu sipendi kumpa mgonjwa matumaini ya kukopa. Ninachokichukua mimi hapo ni hiki: ikiwa dawa mbili zimefanyiwa haki na bado, basi kubadilisha vidonge peke yake hakutoshi, itabidi tutazame kwengine.

Kwengine kwa kwanza ni damu yako. Namkumbuka mama mmoja, mpika maandazi, aliyetibiwa sonona karibu mwaka. Siku aliyoingia chumbani kwangu ilikuwa Februari, kaskazi, joto la Unguja unalijua wewe. Yeye alikuwa na shali nzito juu ya buibui, na anasema anahisi baridi. Sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda akipiga kelele. Ngozi ya viwiko imekauka, nywele za kando ya nyusi zimepukutika. Tezi yake ya shingoni, thairoidi, ilikuwa imelegea. Alipopewa homoni ya tezi hiyo, ile huzuni iliyokataa vidonge kwa mwaka ikaanza kuachia ndani ya wiki chache. Baadhi ya wanawake tezi hii huwayumba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na ugonjwa wako ulianza na kujifungua. Kwa hiyo kipimo cha thairoidi ukiombe kwa jina lake. Ikiwa hakifanyiki hapo ulipo, sampuli yaweza kupelekwa maabara kubwa zaidi.

Cha pili ni upungufu wa damu. Pemba hili ni jambo la tangu zamani. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa skuli huko miaka ya 1990 walionyesha wazi namna minyoo ya safura inavyomnyonya mtu madini ya chuma, na maabara ya Ivo de Carneri pale Chake Chake, iliyofunguliwa 2000, imeshughulika miaka mingi na minyoo na kichocho. Mama aliyezaa watoto watatu, anayenyonyesha labda, mwenye damu kidogo, atachoka, atakosa pumzi akipanda ngazi, atakosa hamu ya kila kitu, na hakuna kidonge cha sonona kitakachomrudishia chuma. Kipimo cha wingi wa damu ni rahisi na kinapatikana.

Kuna swali jengine ambalo daktari asipokuuliza ulitaje mwenyewe. Je, uliwahi kuwa na siku nyingi mfululizo, kabla ya haya, unalala saa mbili tatu na huchoki, maneno mengi, mipango mingi, pesa zinatoka mkononi, watu wakakwambia mbona umekuwa hivi? Au kuna wa damu yako aliyewahi kuwa hivyo? Ikiwa jibu ni ndiyo, huenda hii si sonona ya kawaida bali ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, na dawa za sonona peke yake ama hazimfai mtu huyo, ama humrusha upande wa pili. Vilevile, kama unasikia sauti za watu usiowaona, au una yakini kwamba wewe ndiye uliyeuharibu ukoo mzima, sema. Huko kwetu hilo hufichwa kwa sababu likitajwa tu watu wanakimbilia jini. Sonona iliyofika hapo ina matibabu yake, na fluoksetini peke yake haiiwezi.

Tuseme basi yote hayo yamepimwa, dozi imefikishwa, vidonge vimemezwa, na bado. Hapo mlango haujafungwa. Daktari anaweza kukuhamishia kundi jengine la dawa, kama mitazapini au venlafaksini, au kukuongezea dawa ya pili juu ya ile unayotumia: olanzapini au kwetiapini kwa dozi ndogo, au litiamu. Litiamu ni dawa ya zamani, imo kwenye tiba ya akili tangu 1949, na wapo wagonjwa ambao hakuna kilichowainua ila hiyo. Lakini ina masharti: damu ipimwe kiwango chake, figo na thairoidi zitazamwe, na asiyekunywa maji ya kutosha katika joto letu, au mwenye kuharisha, au anayefunga, inaweza kumpanda ikawa sumu. Bila maabara ya kuaminika mimi siianzi. Ipo pia tiba ya umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Najua neno hilo linavyotisha, lakini kwa sonona kali sana, ile ambayo mtu hali, hanywi, hasemi, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko zote tulizonazo. Ketamini, dawa ya usingizi inayojulikana kwenye vyumba vya upasuaji, imeonekana kuinua huzuni ndani ya saa chache kwa baadhi ya watu, ingawa faida hiyo mara nyingi haikai muda mrefu; Marekani waliidhinisha dawa ya ukoo wake ya kupulizia puani 2019. Haya ni ya daktari bingwa. Kwa anayetoka Pemba pengine itakuwa ni kuandikiwa rufaa ya Unguja, spitali ya Kidongo Chekundu.

Lakini wewe, kwa nilivyosoma barua yako, kuna kitu hukupewa kabisa kabla hatujafika kwenye litiamu. Katika miezi tisa, hakuna pahala umesema kuna mtu aliyekaa na wewe akakusikiliza.

Ulimzika mama yako ukiwa na mimba ya miezi saba. Ukazaa bila yeye, bila wa kukukanda na kukupikia uji, na mume yuko ng'ambo. Kidonge hakijui hayo. Uingereza, katika utafiti uliotoka kati ya 2012 na 2013, walichukua wagonjwa 469 ambao dawa zimewashindwa, nusu wakaendelea kama kawaida, nusu wakaongezewa mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda. Baada ya miezi sita, waliopungukiwa na dalili angalau nusu walikuwa 46 katika kila 100 kwa wale wa mazungumzo, na 22 kwa wale wengine. Zimbabwe, Profesa Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya vituo vya afya, wakitatua nao shida moja moja. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona ni kama 14 katika 100, kwa waliopata huduma ya kawaida ni 50. Wazo hilo limevuka hadi Malawi na hapa kwetu Zanzibar. Mimi halikunishangaza. Wanaume wetu wana baraza zao za kahawa. Mwanamke mwenye watoto wadogo katika nyumba ya wakwe, uani kumejaa watu, na bado hana wa kumwambia neno.

Namna yake ni ya kawaida sana. Unaandika shida zako zote, unachagua moja, ndogo, inayoweza kuguswa. Si "mama amekufa", hiyo haitatuliki. Labda ni "sijazungumza na mume wangu zaidi ya dakika mbili tangu mwezi uliopita". Mnapanga hatua moja ya wiki hiyo, siku gani, saa ngapi, na wiki ijayo mnaangalia ilikwendaje. Pamoja na hilo, jambo moja dogo kila siku ambalo zamani ulilipenda, ulifanye kabla hamu haijaja. Sonona inakudanganya kwamba usubiri kwanza ujisikie. Toka asubuhi na mtoto mgongoni, tembea mpaka penye mikarafuu ya jirani urudi, hata kama moyo unakataa. Hamu hufuata miguu. Uliza kliniki yako kama kuna muuguzi wa afya ya akili au mshauri nasaha anayefanya kazi hii. Asipokuwepo, tafuta mtu mzima mmoja mwenye siri, shangazi au khaloo, mpangiane siku. Na kama katika nyumba hiyo kuna anayekupiga au kukutisha, mwambie daktari mkiwa wawili tu. Hakuna dozi inayoshinda kofi la kila wiki.

Kuhusu wifi yako. Usimwone adui. Anaona mtu amezimika ndani ya nyumba, na anakupa jibu alilorithi. Mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba za kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na kufukizwa, na sijamwambia mgonjwa hata mmoja achague kati ya dua na dawa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Ukitaka kusomewa, somewa. Ukipewa kombe, kunywa. Ninayoyakataa ni matatu: kuambiwa uache vidonge ghafla, kunyweshwa mizizi usiyoijua pamoja na vidonge, na kufungwa au kupigwa kwa jina la kumtoa shetani. Mganga mwenye insafu hatakudai hata moja kati ya hayo.

Usiache dawa. Nenda kliniki wiki hii, na uende na vitu. Chukua paketi zote, hata tupu, pamoja na zile za tramadoli. Andika kwenye karatasi tarehe ulizoanza na kubadilisha. Ukiingia sema hivi: "Amitriptilini nilitumia 25 tu, haikupandishwa. Fluoksetini nina miezi sita kwa dozi ileile. Naomba nipimwe kwa yale maswali tisa, naomba kipimo cha damu na cha thairoidi, na nataka kujua dozi inapandishwa au dawa inabadilishwa. Na kuna siku natamani nisiamke." Daktari atakayeyasikia hayo hawezi kuandika "aendelee". Mkikubaliana juu ya dozi mpya, omba tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili, si mwezi, na siku hiyo maswali tisa yarudiwe. Siku utakapopona, dawa inaendelea miezi tisa hadi 12 kabla ya kufikiria kuipunguza.

Na wifi mchukue. Mwache aingie chumbani nawe, aseme anachokiona: unaamka saa ngapi, unakula kiasi gani, ulicheka lini mara ya mwisho. Mara nyingi aliye karibu huyaona hayo kabla ya mgonjwa mwenyewe. Tena huyo huyo ndiye ningemkabidhi vile vidonge avishike.